Kuapa na Kutukana: Juu ya Neno Moja la Kiingereza

Miaka mingi iliyopita nilifundisha katika shule moja ya bweni, ambayo jina lake halina haja ya kutajwa hapa. Katika ukumbi wa kulia chakula palikuwa na ubao wa sheria za shule, nazo zimeandikwa kwa lugha mbili, Kiingereza upande wa kushoto na Kiswahili upande wa kuume. Sheria ya saba kwa Kiingereza ilikuwa maneno mawili tu: "No swearing." Mkabala wake palisomeka hivi: "Ni marufuku kuapa."

Siku moja viranja waliniletea wavulana wawili. Wa kwanza alishutumiwa kwamba amepoteza jembe la shule, naye alipoulizwa alijibu, "Haki ya Mungu, mimi sikulichukua." Wa pili alikuwa amemtukana mpishi kwa kumtaja mama yake, tusi la nguoni kabisa, ambalo kalamu yangu haiwezi kuliandika. Kiranja mkuu, kijana mwenye kushika maandiko neno kwa neno, alikuwa ameandika jina la yule wa kwanza katika daftari la makosa. Wa pili alimleta kwa kuwa alikuwapo tu. Nilipomwuliza sababu, akanyosha kidole kuelekea ukumbini. "Mwalimu," akasema, "huyu ameapa. Yule hakuapa, alitukana, na ubao haukutaja kutukana."

Nilicheka, kisha nikaona haya, maana tafsiri ile ya ubao niliiandika mimi mwenyewe.

Tangu siku ile neno hili "swear" limenikaa moyoni. Ni neno dogo, na kila mwalimu anadhani analijua. Lakini ndani yake mna mambo mawili ambayo lugha yetu huyaweka mbalimbali, na mwenye kufasiri asipoangalia humtia hatiani asiyekosa na kumwacha mkosaji aende zake. Katika makala haya nataka kueleza maana ya neno hilo, na asili yake, na jinsi lilivyobadilika. Kisha nipime tafsiri zetu, yangu ikiwa ya kwanza.

Tuanze nyumbani. Kiswahili kina maneno manne ambayo msemaji hayachanganyi, hata akiwa hajui kusoma. Kuapa ni kumwita Mungu, au kitu kilicho kitakatifu, kiwe shahidi wa maneno yako. Kuapiza, au kulaani kwa neno tulilolipata kwa Waarabu, ni kumwombea mtu mabaya kwa nguvu iliyo kuu kuliko yako. Kukufuru ni kumvunjia Mungu heshima. Kutukana ni kumvunjia mtu heshima kwa maneno machafu au ya dharau. Kila neno lina njia yake. Mwenye kuapa husema habari ya ukweli wake mwenyewe. Mwenye kuapiza humwelekea adui. Mwenye kukufuru humwelekea Mungu. Na mwenye kutukana humwelekea jirani.

Tena twasema kula kiapo. Msemo huo kwa wazee ulikuwa na jambo la kushikika, kwa sababu palikuwa na viapo vya kujaribiwa. Mshitakiwa alipewa mkate ale, naye akishindwa kuumeza alihesabiwa kuwa mwongo. Au alishikishwa shoka lililotiwa motoni, na mkono wake ndio uliotoa hukumu. Neno jingine ni yamini, ambalo kwa Kiarabu ni mkono wa kuume na kiapo pia. Katika maneno hayo yote hamna harufu ya uchafu. Kiapo ni jambo zito, na mtu akikicheza kosa lake ni uongo au utovu wa kicho. Hakuna mzee atakayesema kwamba kinywa chake kimenuka.

Sasa tuwatazame Waingereza. Neno "swear" ni la kale sana kwao. Kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, liliandikwa swerian, na maana yake ilikuwa kuapa tu, wala si zaidi. Ndugu zake wamo katika lugha za jirani: Wajerumani husema schwören, Waholanzi zweren. Ndugu mwingine amejificha katika neno ambalo kila mtoto anayeanza Kiingereza hulijua, yaani "answer". Hapo zamani liliandikwa andswaru. Sehemu ya kwanza ni kukabili, na ya pili ni tamko la kiapo. Kujibu, basi, kulikuwa kusimama mbele ya mshitaki na kuyakabili maneno yake kwa kuapa. Ni ajabu kufikiri kwamba mwalimu akiandika "Answer all questions" juu ya karatasi ya mtihani, ametumia neno lililozaliwa barazani pa hukumu.

Maana ya pili, ya kusema maneno mabaya, ilianza kuonekana katika maandishi yao mwanzoni mwa karne ya 15. Ilikuwaje hata kiapo kikageuka tusi? Jibu li katika desturi ya watu wale. Mwingereza wa siku zile akikasirika, au akitaka kulitia neno lake nguvu, aliapa kwa viungo vya mwili wa Kristo: kwa damu yake, kwa majeraha yake, kwa mifupa yake, kwa misumari iliyomtoboa. Alifanya hivyo sokoni, na penye kamari, na penye pombe. Wahubiri walilia juu ya jambo hilo, wakisema kwamba wenye kuapa hivyo wanaurarua mwili wa Bwana mara ya pili. Chaucer, mtunzi aliyefariki mwaka 1400, katika kitabu chake cha Canterbury Tales amemweka mwuza vyeti vya misamaha akiihubiri dhambi hiyo kwa ukali mwingi, ingawa mhubiri huyo mwenyewe ni mlaghai.

Basi twaona mambo yalivyokwenda. Kwa Waingereza neno baya kuliko yote lilikuwa kiapo cha bure. Kwa kuwa walioapa ovyo ndio waliokuwa na vinywa vibaya, tendo la kuapa likawa jina la ubaya wote wa kinywa. Baadaye desturi ilibadilika, na maneno mengine yakaingia mahali pa viapo, lakini jina likabaki. Debe huitwa debe la mafuta hata likiwa siku nyingi linatekewa maji.

Ushahidi wa jambo hili umo katika sheria zao. Mwaka 1606 bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuwazuia waigizaji wasilitaje kwa mzaha jina la Mungu, wala la Yesu Kristo, wala la Roho Mtakatifu, wala la Utatu, katika michezo yao. Faini ilikuwa pauni 10 kwa kila kosa, fedha nyingi sana siku zile. Tunaweza kuona kazi ya sheria hiyo tukiweka vitabu viwili ubavu kwa ubavu. Mchezo wa Shakespeare uitwao Othello ulichapwa mwaka 1622 katika kitabu kidogo, na tena mwaka 1623 katika mkusanyo mkubwa wa michezo yake. Katika kile cha kwanza viapo vimejaa; katika cha pili vingi vimeondolewa. Lakini msomaji aangalie pia kilichoachwa. Maneno machafu ya Iago, anapomchochea baba kwa kumweleza habari ya binti yake na mumewe kana kwamba anasimulia habari za wanyama zizini, hayakuondolewa. Mtu wetu wa pwani angeyaona hayo kuwa ndiyo matusi yenyewe, naye angeliziba masikio ya watoto. Sheria ya Waingereza haikuyaona. Ilichokiogopa ni kiapo.

Sheria nyingine ilitoka mwaka 1745. Hiyo iliweka faini za wenye kuapa na kulaani hadharani, nazo zilipimwa kwa cheo cha mtu. Kibarua wa kutwa, askari wa kawaida na baharia wa kawaida walitozwa shilingi 1. Mtu mwingine aliye chini ya daraja la mwungwana, shilingi 2. Mwungwana na aliye juu yake, shilingi 5. Akirudia mara ya pili alilipa maradufu, na mara ya tatu, mara tatu. Sheria hiyo ilikaa vitabuni mpaka ilipofutwa mwaka 1967. Jambo la kutazamwa hapa ni kwamba watunga sheria walidhani cheo kikizidi kosa nalo linazidi. Siku zetu Waingereza wengi wangedhani kinyume chake, kwamba maneno hayo ni ya watu wa chini. Mabadiliko hayo nitayafikia sasa hivi.

Watu walipozuiwa kulitaja jina, walilificha. Ndipo yakazaliwa maneno kama "gosh" na "golly", ambayo ni jina la Mungu lililovikwa kanzu ya mtu mwingine, na "zounds", ambayo ni majeraha ya Mungu yaliyofupishwa hata msemaji mwenyewe asiyatambue. Tusiwacheke upesi. Mara ngapi tumesikia vijana wetu wakisema, "Haki ya nani!"? Nadhani huyo "nani" anajulikana vema na msemaji na msikiaji. Amewekwa pale ili ulimi upite bila kujikwaa, kama "gosh" ilivyowekwa kwa Waingereza.

Ashakum si matusi, sina budi kulitaja neno moja zaidi, kwa sababu ndilo litakaloonyesha jinsi "swear" ilivyoachana na kiapo. Neno hilo ni "bloody". Maana yake ya asili ni "yenye damu", na kwa maana hiyo ni neno safi, hata katika Biblia za Kiingereza limo. Lakini kwa zaidi ya miaka 300 limetumika pia kutia nguvu tu: kitu kikiwa cha moto sana, au mtu akiwa amelewa sana, huwekwa neno hilo mbele. Wengi hupenda kueleza kwamba ni mkato wa kiapo kwa Bibi Mariamu. Maelezo hayo ni matamu, lakini sauti za neno haziyaungi mkono, na katika maandishi ya kale halitumiki kwa namna ya kiapo. Wengine husema ni mkato wa kuapa kwa damu ya Mungu. Hilo nalo lina kasoro hiyo hiyo. Waandishi wa kamusi kubwa ya Oxford walielekea zaidi kwenye ugomvi wa vijana wa kitajiri walioitwa "bloods", waliojulikana kwa ulevi wao. Mimi naona inafaa kutazama pia lugha za jamaa: Mjerumani kwa mtu aliye kijana sana husema blutjung, na Mholanzi kwa joto kali husema bloedheet, wala hapo hakuna kiapo wala ulevi. Damu ni uhai na ni hatari. Yatosha yenyewe kulitia neno nguvu.

Vyovyote ilivyo asili yake, historia ya neno hilo inafundisha. Jonathan Swift, aliyekuwa kasisi, alilitumia mwaka 1711 katika barua kwa wanawake wawili rafiki zake akieleza ukali wa joto, bila haya yoyote. Mwaka 1888 kamusi ya Oxford iliandika kwamba li vinywani mwa watu wa chini kabisa, na kwamba watu wa heshima hulihesabu kuwa neno la kutisha. Mwaka mmoja kabla, yaani 1887, Gilbert na Sullivan walilazimika kubadili herufi moja katika jina la mchezo wao, Ruddygore likawa Ruddigore, kwa sababu watu walisikia ndani yake mwangwi wa neno lile. Tarehe 11 Aprili 1914 mchezo wa Bernard Shaw uitwao Pygmalion ulionyeshwa London mara ya kwanza, na mwigizaji Mrs Patrick Campbell, akiwa katika sura ya mwuza maua aliyefundishwa kusema kama bibi mkubwa, alilitamka neno hilo jukwaani. Nchi nzima ilizungumza habari hiyo. Mwaka 2006 tangazo la utalii la Australia lilizuiwa kwa muda katika televisheni za Uingereza kwa ajili ya neno hilo hilo, kisha likaruhusiwa. Na mwaka 2016 Ofcom, idara inayosimamia utangazaji wa Uingereza, ilipowauliza watu, walilihesabu miongoni mwa maneno mepesi, pamoja na jina la Mungu likitajwa ovyo. Maneno waliyoyaona kuwa mazito kuliko yote ni pamoja na yale ya kumdharau mtu kwa taifa lake na rangi yake.

Tulikusanye hilo. Neno "bloody" silo jina la Mungu. Silo laana. Wala halimtukani mtu yeyote. Hata hivyo Mwingereza akilisema, wenzake husema "he swore". Maana yake ni kwamba "swear", katika maana yake ya pili, leo halitaji tena tendo fulani kama kuita shahidi au kumtakia mtu mabaya. Lataja kikundi cha maneno ambayo desturi imeyakataza mbele ya watu wa heshima, nacho kikundi hicho hubadilika kizazi kwa kizazi. Karne ya 17 waliogopa viapo. Karne ya 19 waliogopa mwili na tabaka la chini. Sasa wanaogopa zaidi kuwadharau wanadamu wenzao. Neno ni lile lile, nalo limefuata hofu za watu.

Kiswahili hakikupita njia hiyo, wala hatuna sababu ya kukisukuma huko. Ni kweli kwamba kutoka kuapa tumepata kuapiza, na hapo tunafanana kidogo na Waingereza. Kiapo cha kweli kina laana ndani yake, maana mwenye kuapa anasema, "Nikidanganya, mabaya yanipate." Waebrania walilijua hilo: Ruthu alipoapa kwamba hatamwacha Naomi, alimwomba Mungu amtende mabaya akitengana naye. Kwa hiyo toka kuapa mpaka kuapiza ni hatua moja tu. Lakini lugha yetu ilisimama hapo. Tusi letu lilitoka mlango mwingine kabisa, mlango wa heshima ya mtu na jamaa yake, ndiyo maana yaliyo mazito huitwa ya nguoni, na yaliyo mazito zaidi humgusa mama.

Tena tusi letu lina mwenyewe. Mithali yasema, "Akutukanaye hakuchagulii tusi," na ndani ya mithali hiyo mna watu wawili, mwenye kutukana na mwenye kutukanwa. Kwa Kiingereza mtu aweza "kuswear" peke yake. Seremala akijigonga kidole kwa nyundo chumbani peke yake, mwandishi wa Kiingereza huandika kwamba "he swore". Nimesoma tafsiri ya wanafunzi wangu: "Akajigonga kidole, akatukana." Msomaji wa Kiswahili huuliza mara moja, alimtukana nani? Nyundo? Na mwingine aliandika, "Akajigonga kidole, akaapa," nasi tukangoja kusikia ameapa kulipiza kisasi kwa nani. Tafsiri njema ni nyepesi: "Akajigonga kidole, akatoa neno chafu."

Haya yangekuwa mambo ya kuchekesha tu kama yangeishia darasani. Lakini nimesikia kijana mmoja, mhubiri mwenye bidii, akiieleza habari ya Petro katika ua wa kuhani mkuu. Alikuwa amejitayarisha kwa kitabu cha Kiingereza, akafika mahali ambapo tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 hutumia maneno mawili, "curse" na "swear". Akatuambia kwamba Petro, kwa kuingiwa na hofu, aliwatukana watu waliosimama pale kwa matusi kama mvuvi wa pwani. Wasikilizaji walitikisa vichwa kwa huzuni, na wavuvi waliokuwamo waliinamisha nyuso.

Biblia yetu ya Kiswahili ilikuwa mbele yake, nayo ilisema sawasawa: kulaani na kuapa. Neno la Kiyunani la kwanza ni kujifunga, au kumfunga mwingine, kwa laana. Wengi hufasiri kwamba Petro alijilaani mwenyewe akiwa anasema uongo. Wengine hudhani alimlaani Bwana wake ili aaminiwe. Neno la pili, omnuein, ni kuapa tu, wala halina maana ya kutukana hata kidogo. Na hapa ndipo penye hasara. Neno hilo la pili ndilo lile lile ambalo Mathayo amelitumia katika sura ya 5, Yesu anapowakataza wanafunzi wasiape kabisa, bali ndiyo yao iwe ndiyo na siyo yao iwe siyo. Petro, aliyefundishwa juu ya mlima asiape, anaapa uani penye moto wa makaa, na anachokiapia ni uongo. Msikiaji wa Kiswahili ana vyombo vyote vya kuliona fundo hilo, kwa kuwa neno ni moja huku na huku. Mhubiri wetu alilifungua fundo kwa kisu cha Kiingereza, na uzi ukakatika. Badala ya mtu aliyemwita Mungu ashuhudie uongo, tulipewa mtu mwenye kinywa kichafu.

Mfano mwingine watoka Kenya. Tangu mwaka 1902, kundi la Marafiki, ambao kwa Kiingereza huitwa Quakers, wamekuwa na kazi yao Kaimosi, na leo katika Kenya ni wengi kuliko katika nchi nyingine yoyote. Mababu zao wa Uingereza walifungwa gerezani kwa kukataa kuapa mahakamani, wakishika maneno yale ya Mathayo sura ya 5 na ya Yakobo sura ya 5. Mwaka 1696 sheria iliwaruhusu watoe tamko la kweli bila kiapo katika mashauri mengi. Sasa mtu akifasiri sentensi ya Kiingereza isemayo kwamba watu hao "do not swear" kwa kusema "hawatukani", atawasifu kwa adabu ambayo kila mtu mwema aweza kuwa nayo, na ataficha jambo ambalo kwa ajili yake waliteseka.

Walimu wenzangu watauliza, tutajuaje maana ipi imekusudiwa? Mara nyingi Kiingereza chenyewe hutuonyesha kwa neno dogo linalofuata. "Swear at" mtu ni kumtukana au kumtolea maneno machafu. "Swear to" jambo ni kulithibitisha kwa kiapo. "Swear in" mtu ni kumwapisha. "Swear by" Mungu ni kuapa kwa jina lake, lakini "swear by" dawa fulani ni kuiamini mno tu. "Swear off" pombe ni kuiacha kwa nadhiri. Neno likisimama peke yake bila mkia, hapo ndipo penye mtego, nasi yatupasa tuulize: Je, msemaji anaita shahidi, anamtakia mtu mabaya, anamvunjia mtu heshima, au ametoa tu neno lisilofaa? Swali moja kati ya hayo litajibiwa ndiyo, na neno la Kiswahili litakuja lenyewe.

Yupo atakayesema kwamba lugha hukua, na kwamba kuapa nalo laweza kupanuka likachukua maana ya matusi kama "swear" ilivyofanya. Laweza, kweli. Lakini maneno yakichanganywa, makosa nayo huchanganyika. Nimetazama shule nyingi, nikaona kwamba mtoto akitukana hupigiwa kelele na kila mkubwa aliye karibu, lakini akisema "haki ya Mungu" mara kumi kwa siku juu ya mambo asiyoyajua, hakuna anayeinua kichwa. Tumejifunza kwa Waingereza wa leo kuogopa uchafu wa maneno, tukasahau kuogopa uongo wake. Lugha yetu ina neno la kila kosa. Ni juu yetu kulitumia kila moja mahali pake.

Namalizia habari ya ubao. Yule aliyemtukana mpishi alikwenda jikoni kuomba radhi, na mpishi akampokea. Baada ya siku mbili jembe lilionekana nyuma ya banda la kuni, mahali ambapo mtumishi mmoja alilisahau. Kijana wa kwanza, basi, alikuwa amesema kweli tangu mwanzo, na jina lake lilikuwa katika daftari la makosa kwa ajili ya kusema kweli. Nililifuta kwa mkono wangu mbele ya viranja wote. Kisha nikapanda juu ya kiti, nikaufuta mstari wa saba, nikaandika miwili mahali pake: "Usimtukane mtu. Sema kweli, wala usiape." Upande wa Kiingereza sikuugusa.